Karafuu Iliyokaa Sikioni Mwangu

Jumatano, mwezi tatu Rajabu. Kulikucha na jua, adhuhuri ikashuka mvua ya rasharasha, ikakatika kabla udongo haujarowa. Niliisikia ikigonga bati. Niliisikia kwa masikio yote mawili, na ndiyo sababu leo naandika.

Nesi wa hospitali ya Chake ameniomba nije nisome mbele ya kina mama siku ya kliniki, vipi niliugua na vipi nilipona. Mie nimesoma hadi darasa la sita. Daftari hili huandikia mambo yangu mwenyewe, sijui kama maneno yake yanafaa kusomwa mbele za watu. Tena nina hasira. Nesi anataka yatakayowatia moyo wenzangu. Nitajaribu, lakini nikizificha hasira nitakuwa nimesema nusu.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kutafutwa kwenye mazungumzo. Msimu wa karafuu wanawake hukaa barazani kwetu tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, na maneno juu yake. Nilikuwa nasikia umbea unaosemwa nyumba ya tatu. Si la kujisifia, ila ni kweli.

Msimu huu uliopita, mwezi wa Mfungo Tano, nilishikwa na mafua makali. Siku ya nne sikio la kushoto likaanza kuuma. Lilikuwa likipwita mpaka kwenye meno. Nililia, mtu mzima na wanangu wanne. Shangazi yangu, Bi Mize, ambaye anakaa nasi, akachukua karafuu moja kavu, akaitafuna kidogo itoe mafuta, akaizungushia pamba, akanitia sikioni.

"Jino likiuma si twaweka karafuu?" akasema. "Na sikio ni jirani yake jino. Lala. Kesho uitoe."

Kuliwaka moto humo ndani. Alfajiri maumivu yakakatika ghafla. Mto ulikuwa umerowa usaha na damu kidogo, na pamba imeangukia hapo hapo. Shangazi akapiga kigelegele. "Nshakwambia mie!"

Ile pamba niliitupa bila kuifungua. Nilidhani karafuu imo ndani yake. Hilo ni kosa langu, na nimeliandika mwanzo kabla sijaandika ya wengine.

Usaha haukukoma. Mara mwepesi kama maji, mara mzito wa kijani, na kwa harufu yake nilikuwa najikimbia mwenyewe. Nikawa najifunga mtandio mara mbili. Shangazi akisema, "Uache utoke, si uchafu huo!"

Nilikwenda kituo cha afya mara tatu. Kituo sitakitaja. Mhudumu alikuwa mpole.

"Sikio? Latoka usaha?" Kalamu keshaishika.

"Ndiyo, daktari. Wiki ya tatu sasa."

Akaandika vidonge. Mara ya pili vidonge vingine. Mara ya tatu dawa ya matone, iliyoniunguza nikapata kizunguzungu hata nikashika ukuta. Mara zote tatu hakuinuka kwenye kiti chake. Hakuchungulia. Sasa lazima niseme haki: alikuwa peke yake, na nje kina mama wenye watoto wa homa walijaa hadi mlangoni. Pengine hata kifaa cha kuchungulia hakupewa. Tena mie sikumwambia habari ya karafuu. Niliona haya, asije akaniona mshamba. Hakuniuliza, nami sikusema. Lakini macho alikuwa nayo, na simu yenye taa ilikuwa juu ya meza yake. Kila nikifika hapa moyo hunipanda. Nimelifuta neno moja, nisije nikamkosea.

Huku nyumbani watu wakaanza kusema nina kiburi. Mtu akipita kushoto kwangu akatoa salamu, mie kimya. Jirani yetu Bi Saumu alinijia mpaka mlangoni.

"Assalaam alaykum ya nne hii, Riziki! Au mpaka tulete barua?"

Wakacheka wote waliokuwa barazani, nami nikacheka. Kisha nikaenda jikoni nikalia. Kutoitika salamu si jambo dogo kwetu. Hakuna aliyeniuliza, una nini.

Siku moja niliachiwa karafuu nizilinde, zimeanikwa majamvi manne uani. Nilikaa nikichambua, nimeyapa mgongo, mtandio umenibana masikio yote. Mvua ikaja upande wa kushoto. Bi Saumu anasema alipiga ukelele, "Anua! Anua!" mpaka koo likamkauka. Mie nilijua tone la kwanza liliponigonga shingoni. Tukaanua mbio, lakini majamvi mawili yalisharowa, na karafuu iliyorowa huota ukungu.

Mume wangu Hamadi akarudi akatukuta tumechafuka tope.

"Ulilala?"

"Sikusikia."

"Mvua, Riziki? Hukusikia mvua?"

Alilisema hilo la pili polepole. Asubuhi alinipakia kwenye pikipiki mpaka Chake. Habari ya zile karafuu hakuitaja tena, na hilo nitamwekea maisha.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke. Jambo la kwanza alilofanya, aliinuka. Akaja, akanivuta sikio kwa juu, akachungulia kwa kitaa chake. Akazidi kuinama.

"Bi Riziki, humu ulitia nini?"

Nikasema yote. Akafyonza usaha kwa mrija mwembamba wenye mlio kama wa kivumo cha nyuki, kisha akaingiza kibano. Nilimbana Hamadi mkono mpaka akaguta kwa maumivu. Kitu kikaanguka kwenye kisahani cheupe. Karafuu. Nyeusi, imevimba, na kichwa chake bado. Miezi miwili imo.

"Hii daraja la kwanza kabisa," nesi akasema. Nikacheka huku machozi yanatoka.

Daktari akanieleza. Mafua yaliziba njia baina ya pua na sikio, usaha ukajaa nyuma ya ngoma ya sikio, ngoma ikatoboka. "Tundu kama hilo mara nyingi hujiziba lenyewe. Lako halikupata nafasi. Karafuu imeunguza, imezuia, na fangasi wameota juu yake. Ungezidi kukaa, usaha ungekula mfupa wa nyuma ya sikio."

"Nitasikia tena?"

"Sikuahidi. Tulikaushe kwanza. Tundu likikataa kuziba, utakwenda kufanyiwa upasuaji Unguja."

Nikapewa matone mengine. Nikioga, naweka pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, nikimaliza naitoa. Maji yasiingie hata tone, na pua nisipenge kwa nguvu. Kila wiki mbili nirudi kusafishwa.

Shangazi hakukubali. Usiku wa pili tu akaja na chupa ya mafuta ya karafuu. "Tone moja, mwanangu, lifunge. Huyo daktari ntoto nduni wa juzi tu, karafuu aijulia wapi?"

"Shangazi, ukinigusa sikio nahama nyumba hii!"

Sijapata kumpazia mkubwa sauti. Na nyumba yenyewe ni yangu, sijui ningehamia wapi. Lakini chupa aliiweka chini. Alinitia karafuu kwa mapenzi, najua, maana alikesha nami usiku ule wote. Mapenzi yake yaliniunguza vile vile.

Wiki iliyopita daktari alichungulia tena, akagonga chuma kidogo kinachovuma, cha kupimia usikivu, akaniwekea nyuma ya sikio na mbele yake. Tundu limeziba. Sikio la kushoto liko chini kidogo ya la kulia, lakini lasikia. Alhamdulillahi. Namshukuru daktari aliyeinuka, na Hamadi.

Kina mama, sikio likiuma au likitoka usaha, msilitie kitu. Nendeni mapema, na msitoke chumbani hamjachunguliwa. Mkiulizwa mlitia nini, semeni. Mie haya zangu zilikaa sikioni miezi miwili.

Jioni ya leo tumekula muhogo wa nazi na samaki chuchunge wa kukaanga. Tangu msimu Shangazi hukaa upande wangu wa kulia, apate kusikiwa. Leo amekaa kushoto. Akasema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye sahani, "Nipe ndimu." Labda alikuwa ananijaribu. Labda alitaka ndimu tu, siwezi kumuapia. Kuniomba radhi hajaniomba, na mie sijasamehe. Ndimu nimempa.