Marehemu Anaomba Kibali cha Mkewe

Nilirudi Burundi peke yangu. Mke wangu ni Mtanzania, binti wa wakulima wa Ngara, na malori yaliyotutoa katika kambi ya wakimbizi yalibeba Warundi tu. Tulikubaliana nitangulie, nitafute chumba na kazi, kisha nimshughulikie karatasi za kuishi kwetu. Yeye alirudi kwa wazazi wake akiwa na mimba ya miezi mitatu. Tulidhani miezi miwili ingetosha.

Nilipanga Nyamugari, hapa Gitega, kwa mama mmoja mjane aliyeuza vitenge. Alinipa nafasi ya cherehani kwenye kibaraza cha duka lake. Mtaa ule wanasema Kiswahili, cha kwao, na mimi niliyekulia Tanzania nilipumua pale kuliko mahali pengine, maana Kirundi changu kilikuwa cha kambini na watu walikicheka.

Katika ofisi ya uhamiaji nilipokewa na karani mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani.

"Donc, bibi yako iko Mutanzania," alisema, akichanganya na Kifaransa.

"Ndiyo."

"Hakuna shida. Iko na ndoa ya serikali? Bon. Sasa lete karatasi yako ya kuzaliwa, ile ya komini ya kwenu."

Sikuwa nayo. Niliondoka Burundi nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na sikuwahi kufika komini hiyo, yaani tarafa ya kwetu. Kitambulisho changu, karangamuntu, nilikipata mjini kwa karatasi ya wanaorudi, bila mtu kunifuatilia hadi kilimani, kama Warundi tunavyokiita kijiji. Karani akasema wataulizia wao wenyewe, nirudi Jumatano.

Jumatano hakunisalimu. Aliomba karangamuntu yangu, akaingia nayo ndani. Aliyetoka hakuwa yeye. Alikuwa bwana mrefu aliyesimama mbele yangu bila kuketi, akaniuliza kwa Kirundi jina la baba, jina la kilima, majina ya ndugu za baba. Hakuandika chochote. Alikuwa akitazama mdomo wangu nikijibu.

"Rudi wiki ijayo," akasema. "Usitoke mjini."

Nilimwuliza kuhusu kitambulisho changu. Alikuwa ameshageuka.

Wiki hiyo wanaume wawili walikuja dukani mchana, mimi nikiwa nimekwenda kununua nyuzi. Mama mwenye nyumba alinisimulia huku akikunja vitenge, macho yake kwenye nguo. Walitaka kujua kama kuna watu wanaoniita kwa jina jingine.

"Mi sitaki kujua mambo ya mutu," alisema. "Lakini kama iko kitu, we uniambie mbele waniambie wao."

"Mama, hakuna kitu."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukunja. Ningekuwa na siri, ningejua angalau ninaogopa nini. Mke wangu alipopiga simu aliniuliza kwa nini sauti yangu imebadilika. Nikamwambia ni vumbi la kiangazi.

Wiki iliyofuata bwana yule mrefu aliniketisha, akaniambia polepole kama anayemhurumia mgonjwa. Mtu wa jina langu, mwana wa baba yangu, wa kilima chetu, alikuwa ameandikwa katika kitabu cha komini kwamba amekufa. Alikufa Tanzania akiwa mtoto, pamoja na baba na mama yake.

"Nani alisema?"

Akanigeuzia nakala ya ukurasa ule. Chini palikuwa na alama ya kidole gumba, na jina la shahidi. Alikuwa mdogo wake baba yangu.

Baba na mama walifia kambini kweli, kwa hiyo theluthi mbili za maneno yale zilikuwa sahihi. Iliyobaki ilikuwa mimi.

"Sasa wewe ni nani?" aliniuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Akaeleza kwamba wapo waliokuja na majina ya wafu ili wadai mashamba, na kwamba watu hao hufungwa. Alinipa hadi mwisho wa mwezi unaofuata kumleta ndugu wa damu aseme kuwa niko hai. Mwombaji asiyekuwepo, akasema, hana mke wa kuombewa.

Kilima chetu kiko kusini mwa Gitega, ukishaupita mji wa Bukirasazi. Nilipanda baiskeli ya abiria, kisha nikatembea, nikiwauliza njia wanawake waliokuwa wakivuna maharage. Kila niliyemtajia jina la baba yangu alinyoosha mkono kunionyesha, na nilipogeuka niliwaona wameacha kuvuna, wananitazama.

Baba mdogo alikuwa shambani. Watu husema nimefanana na baba, na nadhani ndiyo maana hakuuliza mimi ni nani. Alilaza jembe chini.

"Umechelewa," alisema.

Tukaketi uani kwake, mahali palipokuwa na nyumba ya wazazi wangu. Alileta pombe ya ndizi, akavuta kwanza yeye kwa mrija, kama desturi inavyotaka, kuonyesha kuwa ni salama. Desturi hiyo nimeikuta maisha yangu yote, na siku ile ndipo nilipofikiri kwa nini iliwekwa. Mkewe aliwaita watoto ndani mmoja mmoja, akafunga mlango.

"Baba mdogo, walisema nimekufa."

"Tulikulilia," alisema. "Tulimaliza msiba wako hapa hapa. Majirani wote walikuja."

"Lakini niko hai. Nahitaji uje Gitega useme hivyo. Mke wangu yuko ng'ambo, anakaribia kujifungua."

"Nitakuja. Nani anakataa damu yake?" Akaingia ndani, akatoka na karatasi. Ilikuwa imeandikwa tayari kwamba mimi, kwa hiari yangu, namwachia shamba lote la baba yangu. Jina langu lilikuwemo. Karatasi ilikuwa imeanza kuwa njano kwenye mikunjo. Aliiandika zamani, wakati kitabu cha komini kikisema niko kaburini.

Nilimwomba siku chache za kufikiri. Mke wangu nilimweleza kwa simu kwamba kuna ugomvi wa shamba, bila kumwambia habari ya kufa kwangu.

"Usisaini," alisema. "Huyu mtoto atalima wapi?"

"Nimekusikia."

Mwezi ulikuwa unaisha. Nilirudi kilimani, nikasaini.

Baba mdogo alikuja Gitega amevaa koti. Aliwachekesha wale mabwana ofisini, mkono wake begani kwangu muda wote. "Ni mtoto wa kaka yangu," alisema, akimtaja Mungu kwa Kirundi, "Imana ni mkubwa." Nilirudishiwa karangamuntu, nikapewa na barua ya kumruhusu mke wangu kuingia.

Nilimpokea mpakani, mkoani Muyinga, mimba ikiwa ya miezi minane. Askari wa mpaka aliisoma barua yote, pamoja na maelezo ya jinsi jina langu lilivyorekebishwa.

"Mama," akamwambia akicheka, "bwana yako alikuwa amekufa. We ulijua?"

Mke wangu alinitazama. Garini, mji wa Muyinga ukiwa nyuma yetu, aliuliza:

"Ulisaini?"

"Nilisaini."

Akageukia dirishani. Siku mbili alipika, akafua, akanijibu nilichouliza tu. Siku ya tatu alisema, "Mtoto akizaliwa, kesho yake unakwenda kumwandikisha. Na usiondoke mpaka wakusomee walichoandika."

Alizaliwa msichana. Nilikwenda, nikamwomba karani asome kwa sauti, na nikamwomba asome tena. Kibali cha mke wangu tumekiongeza kila muda wake ulipokwisha, na hatujapata tatizo.

Ila mwaka jana mteja mmoja kutoka upande wa kwetu, nikimpima suruali, aliniambia amesikia kwamba marekebisho yalibaki Gitega. Kitabu cha komini ya kwetu hakikuguswa, na baba mdogo ameanza kuwagawia wanawe shamba kama urithi wa kaka yake aliyekufa bila kuacha mtoto.

Nilimweleza mke wangu. Aliuliza nitakwenda lini kukiangalia kitabu hicho. Nikasema baada ya mvua. Mvua zimepita mara mbili.