Clarisse wa Juzuu la 1874

Shemeji yangu Anselme alisafisha ofisi za watu kwa miaka kumi, na nyumbani kwake Hayes, huku ughaibuni, hapakuwa na pa kukanyaga. Alipajaza magazeti ya Kifaransa ya karne ya kumi na tisa, yale yenye picha za kuchorwa, yaliyojalidiwa mwaka kwa mwaka, kila juzuu zito kama jiwe la kusagia. Aliyapata kwenye soko la vitu vya kale la Portobello, Jumamosi baada ya Jumamosi, akapanda nayo basi. Dada yangu Célestine alisema afadhali angeolewa na panya, angeyapunguza.

Kosa la Anselme lilikuwa kumsomea. Jioni, dada akipiga pasi, alimsomea hadithi iliyotoka kila wiki katika gazeti la 1873: Clarisse, mke wa mwoka mikate, amefungwa kwa sumu ambayo hakuitia yeye. Dada aliunguza mashati mawili. Desemba ikaisha Clarisse angali anangoja hukumu, na juzuu la 1874 hatuna. Anselme alilisaka miaka sita. Sasa Célestine ndiye aliyemwamsha Jumamosi, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Miradie, lamuka! Ule mwanamuke anaozea mu gereza, na weye unalala tu?"

Ijumaa moja, kwenye maombi ya akina mama, walipoulizwa mahitaji, uchungu ulimzidi. "Mumuombee Clarisse. Iko mu gereza bila kosa."

Hakuna aliyeuliza gereza gani. Kanisani kwetu kila mtu ana wake aliyezuiliwa na uhamiaji akingoja karatasi za kuishi huku. Jina likaandikwa, likaombewa mwaka mzima, na dada, pamoja na ulimi wake wote, akaona haya kusema ukweli. Mimi nilifunga siku tatu kwa ajili ya Clarisse kabla sijaambiwa ni wa mwaka gani. Bado sijamsamehe dada.

Mwaka 2002 juzuu likapatikana. Clarisse alikatwa kichwa ukurasa wa tisa, na picha juu. Célestine alilia. Mimi nilicheka, kisha nikaacha.

Anselme si mtu wa kupindisha maneno. Mhubiri akikosea tarehe, humsahihisha mbele ya watu. Jumapili alienda na juzuu kwapani, akalieleze kanisa ukweli. Mlangoni akakutana na Bijou, ambaye mumewe alikuwa amezuiliwa karibu na uwanja wa ndege, mwezi wa tano sasa.

"Papa Anselme, habari ya Clarisse? Walimuachilia?"

Anselme akalihamishia juzuu kwapa la pili.

"Alitoka, mama," akasema. "Nimeisoma mu gazeti."