Rangi ya Mahindi ya Matanga

Jamani, hii nimeificha sana, na hata sasa nikiisimulia masikio yanapata moto. Mimi sioni rangi. Si kwamba nachanganya nyekundu na kijani kama wengine, la, kwangu kila kitu ni kijivu, kingine kimekolea kingine kimefifia (na jua la saa sita hunifumba macho kabisa), na mke wangu Nasimiyu, miaka sita ya ndoa, alikuwa hajui.

Baba mkwe alifariki huko Bumula. Nasimiyu akatangulia, mimi nikabaki Kitale kutafuta pikapu, naye akaniachia neno moja: "Lete gunia la mahindi meupe. Lile lingine ni mbegu, iko na dawa." Sasa magunia yalifanana, na mbegu hutiwa rangi ndiyo mtu asije akaila. Ningemwita jirani aniangalizie, dakika moja tu, lakini mtu mzima niulize mahindi yangu ni ya rangi gani? Nikanusa (yote yalinuka dawa, maana hata ya kula tulikuwa tunayawekea ya wadudu), nikachagua moja, nikapakia.

Mkwe huku kwetu huangaliwa ameingia matangani na nini, kwa hiyo nilishuka kifua mbele, gunia likapitishwa katikati ya watu mpaka kwa akina mama waliokuwa wakichemsha maharagwe. Wakalifungua. Senge Nanjala, dada ya marehemu, akachota kiganja akakiinua juu.

"Wewe mkwe, hii ni mbegu ya dawa! Ndugu yangu hata hajazikwa, unataka kutumaliza?"

Nami nikajibu (sijui nani alinituma), "Hapana Senge, angalia vizuri, si ni meupe?"

Kuna aliyecheka, kisha akaacha. Mzee mmoja akauliza kama nilikuwa na kinyongo na marehemu. Nasimiyu alikuwa ananitazama mimi, hatazami mahindi, na nikaona kwamba nikinyamaza nitatoka boma lile nikiitwa muuaji.

"Sioni rangi," nikasema. "Tangu nizaliwe. Zote kwangu ni moja."

Senge akashusha mkono. Nasimiyu ndiye aliyeongea, polepole: "Ile rinda nilivaa ukinichumbia. Si ulisema umependa rangi yake?"

"Nilisikia wengine wakiisifu."

Hapo akalia, na hakunisemesha tena mpaka baba yake akazikwa. Niliona aibu mbele ya wakwe, ndiyo, lakini yale machozi ndiyo yaliniuma.

Tangu siku hiyo niliapa sitabahatisha tena, na nimeshika: hata wageni wakiwa sebuleni namuuliza mke wangu, "Mama Nekesa, hii ni rangi gani?" Swali la kwanza kabisa nililiuliza tukirudi Kitale, gunia likiwa miguuni petu. Nilimuuliza lile rinda lilikuwa la rangi gani.

Alilitazama lile gunia.

"Kijani," akasema. "Kama hiyo mahindi yako."