Mkunga na Kitufe cha Chapisha

Ukitaka kumjua wifi yangu, mwambie neno moja tu: haiwezekani. Kisha kaa pembeni umtazame. Mimi nimeolewa na kaka yake, na tangu nilipoingia kwenye ukoo ule namwita Kupe, maana akishika kitu habanduki mpaka ashibe. Yeye ananiita Mdomo. Tunapendana, msituingilie.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni ndogo, na kwenye kona, chini ya kikaushio cha nywele kilichokufa zamani, ndipo Kupe anapoweka kompyuta yake mchana. Ati nyumbani hapati utulivu. Utulivu gani anaoupata kwangu, mwenzangu, sijui, maana wateja wakikaa kwenye kiti ni kuwachambua waume zao tu. Lakini yeye anabonyeza vitufe vyake huku sikio liko kwetu, na hapitwi na neno.

Kazi inayomlisha ni kutunza tovuti za watu: duka la vipuri, shule ya chekechea, fundi wa madirisha. Zote zimejengwa kwa programu moja ya bure ambayo haina tajiri. Hata asiyejua mambo ya ndani ya kompyuta anaifungua, anaandika kama anavyoandika barua, anabonyeza kitufe cha Chapisha, basi, dunia nzima inasoma. Wanaoitengeneza ni watu waliotapakaa huku na huko, kila mmoja anaongeza tofali lake, na wengi wao hawajawahi kuonana. Kupe naye yumo. Kila Ijumaa anaandika habari zao kwa Kiswahili: toleo gani linakuja, kitu gani kimeharibika, nani katengeneza nini, nani kagombana na nani kwa adabu. Hiyo hailipwi. Siku moja nilimuuliza anafaidika nini, akanijibu bila kuinua kichwa, "Na wewe ukisengenya unalipwa?"

Sasa nije kwa mama mkwe wangu, maana ndiye mwenye kisa. Alikuwa mkunga maisha yake yote. Alipostaafu, presha ya macho ikamchukua macho, kwanza moja, halafu la pili. Kupe akamfungulia ukurasa wake, anaandika ushauri kwa wajawazito na kujibu maswali yao. Kompyuta inamsomea kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo, naye anatembea kwa vitufe tu. Kipanya hakigusi, kwa sababu kipanya ni cha mtu anayeona anakokielekeza. Ana kitufe kimoja anachokiita cha kurukia: akikibonyeza anaruka kutoka kwenye kichwa cha habari kwenda kwenye maandishi, kutoka kwenye maandishi kwenda kwenye Chapisha. Anaandika kama anavyosema, na anasema kama anayekata kitovu. Wanawake wanampenda kwa hilo.

Toleo jipya la programu lilipokaribia, watengenezaji walitoa nakala ya majaribio. Kupe, kwa kiherehere, akaiweka moja kwa moja kwenye ukurasa wa mama yake. Hilo ni kosa ambalo kila mtu wa kazi yake anawakataza wengine, na kila mmoja wao amelifanya. Mama akaandika makala yake, akabonyeza cha kurukia ili aende kwenye Chapisha. Hakuruka. Akabonyeza tena. Kompyuta ikawa inamsomea, "nafasi, nafasi, nafasi." Kwenye toleo hilo jipya kitufe kile, ukiwa ndani ya maandishi, kilikuwa kinasogeza maneno pembeni badala ya kukutoa. Mama alikwama ndani ya makala yake mwenyewe.

Bahati mbaya, au sijui niite nini, mimi na mume wangu tulikuwa tumepita kumsalimia. Mume wangu ni karani wa ofisi kubwa, mtu wa "kwa heshima na taadhima". Akasema, "Lete mama, nikubonyezee." Akabonyeza. Lakini kabla ya kubonyeza akarekebisha. Mama alikuwa ameandika hivi: Mwanamume anayemchelewesha mkewe kwenda kujifungua kwa sababu anatafuta shati safi ni mzembe. Mume wangu akaweka: Akina baba wapendwa, mnaombwa kuzingatia muda. Na sentensi iliyofuata akaifuta kabisa.

Mama aliiambia kompyuta imsomee ukurasa. Ilipofika hapo akaisomesha tena.

"Wapendwa?" akasema. "Mimi nimeandika wapendwa?"

"Mama, nimelainisha tu. Wasomaji wengine ni watu wazima."

"Na mimi ni mtoto?" Akaifunga kompyuta, taratibu, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angeipiga kofi. "Nimeachwa na macho, sawa. Mdomo ninao. Kama kila ninachosema lazima kipite mkononi mwa mtu, siandiki tena. Mdomo wa kuazima sitaki."

Na kweli hakuandika. Maswali ya wajawazito yakalundikana, na ukimuuliza anakuambia kachoka. Kupe akamrudishia toleo la zamani siku hiyo hiyo, lakini mama hakuligusa. Alikuwa anasikia binti yake akizisoma kwa sauti zile habari za Ijumaa, na alijua kwamba jipya likishatoka, la zamani halilindwi tena dhidi ya wezi wa mtandaoni. "Unanipa nyumba inayobomolewa," akasema. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia mume wangu hata chai nikamwachia ajipikie.

Kupe hakukasirika. Kupe alishika. Aliwaandikia watengenezaji, akaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kukwama. Wakajibu: tumejaribu kwa vitufe peke yake, tumetoka vizuri, tatizo hatulioni, tunafunga jalada. Akalifungua. Wakalifunga. Akalifungua tena. Siku ya tatu mkuu wa toleo, yaani yule mwenye kauli ya mwisho juu ya kinachoingia na kinachobaki nje, akaandika mwenyewe, kwa upole wake wote. Aliuliza ni watumiaji wangapi wanaopata shida hiyo.

Nilikuwa nyuma ya Kupe na kitana mkononi, nikamwona anavyojibu: "Mmoja. Ni mama yangu. Anatosha."

"Wee!" nikasema. Mteja wangu, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimefumuka, akapiga makofi.

Ijumaa ile, habari za Kupe zilikuwa na kichwa hicho hicho: Mmoja Anatosha. Mkuu wa toleo hakununa. Alisema kuna siku ya kujaribu pamoja, ambapo wote hukutana kwa simu ya mtandao na kulitikisa toleo kabla halijatoka, na kwamba yeyote anaruhusiwa kusema simama, mradi aonyeshe kwa nini. Akamkaribisha mama mwenyewe.

Kumshawishi mama kulikuwa kazi nyingine. "Niende nikaonyeshwe kama mgonjwa?" Kupe akamwambia, "Mama, ulikuwa unawafundisha madaktari wapya kwa mikono ya nani? Kwa yako. Hawa nao wafundishe." Mama akafikiri, akauliza gauni lake la kutokea liko wapi. Nikamkumbusha hawatamwona. "Mimi nitajijua," akasema.

Akaja saluni, nikampa kiti changu kizuri. Wale watu walikuwa wengi, wanazungumza lugha yao, Kupe anatafsiri huku na huku. Mama akaonyesha kwenye nakala ile ya majaribio: akaandika mstari, akabonyeza cha kurukia, kompyuta ikasema nafasi, nafasi. Mkuu wa toleo akasema asubiri, anafuata hatua zile zile kwake, vitufe tu. Tukasubiri. Akasema, "Mimi nimetoka. Imechapishwa."

Niliona mabega ya Kupe yakishuka. Jamani, nililowa jasho. Nilijua wakilifunga safari hii, mama hataandika tena mpaka anaingia kaburini.

"Mwambie arudie," mama akasema.

Akarudia. Akatoka tena.

"Mwambie arudie, polepole. Na wewe mkamwana, zima hilo dudu lako."

Nilikuwa namkaushia mtu nywele. Nikazima. Mteja akabaki kichwa kinavuja maji, hakuthubutu hata kukohoa. Mama akainamisha sikio kwenye kompyuta, vile alivyokuwa akiinamia matumbo ya watu. Kule ng'ambo vitufe vikasikika, tap, tap, tap. Kisha, katikati, tk. Kadogo tu.

"Hicho ni nini?" mama akauliza.

Mlio hauhitaji mkalimani, lakini Kupe alitafsiri swali. Halafu mkuu wa toleo akacheka, na alikuwa anajicheka mwenyewe. Alisema kila anapokwama, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kipanya, unabofya nje ya maandishi, unarudi, naye anaendelea na vitufe bila kujua kama kuna kilichotokea. Alikuwa ameapa kwa nia njema kabisa kwamba hajakigusa. Mwingine akasema naye alivyojaribu ilikuwa hivyo hivyo. Na mwingine. Watu wazima na elimu zao, wote mikono imewasaliti, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Nimezalisha miaka yote," mama akasema, "mtu akiniambia hajasukuma, namsikia."

Kupe alikataa kuitafsiri hiyo.

Mngedhani yameisha. Thubutu! Mkuu wa toleo akakubali kosa ni kosa, lakini akasema mlango wa toleo unafungwa wiki ile ile, na hakuna mwenye nafasi ya kulirekebisha. Pengine toleo litakalofuata, mwakani.

"Nalirekebisha mimi," Kupe akasema.

Kwao hakuna anayeipitisha kazi yake mwenyewe. Lazima watu wawili waijaribu na kuikubali. Kupe akakaa pale kwenye kona, hapokei simu, chakula namwekea mbele kama mfungwa. Akapeleka. Ikarudishwa. Kitufe cha kurukia sasa kilikuwa kinamtoa mtu kila mara, na wale wanaohitaji kusogeza maneno pembeni, watu wa majedwali na orodha, walikuwa wamekosa haki yao. Alitukana tusi ambalo sitaliandika. Nikamwambia, "Wifi, pumzika basi." Akaniambia, "Wifi, suka."

Ilibidi amwendee mama. Mama akasikiliza, akasema wale wa majedwali wasionewe, wao pia ni watu. "Mtu akitaka kutoka chumbani anaaga kwanza. Mimi nitaaga." Kupe akaruka kutoka kwenye kiti. Akakiandika upya: ubonyeze kwanza kile kitufe cha juu pembeni kabisa, kompyuta ikwambie "umetoka", ndipo kile cha kurukia kikurushe. Usipoaga, kinasogeza maneno kama kawaida. Akapeleka tena.

Mkuu wa toleo akaijaribu na kuikubali, akaongeza kwamba kipanya chake amekifungia kabatini. Akabaki mtu wa pili, na siku zinakwisha, na wote wana kazi zao. Kupe alikuwa anafungua ukurasa ule kila dakika, hata mimi nikawa namuuliza, "Bado?" Mara akajitokeza mtu ambaye hajawahi kusema neno kwenye kundi lile, anajiita Kobe. Aliandika kwa Kiswahili: Nimejaribu, inafanya kazi, naikubali. Mimi pia sioni. Nilikwama tangu nakala ya kwanza nikadhani mjinga ni mimi, nikaona aibu kusema. Nimesoma habari zako za Ijumaa.

Kupe alisoma mara moja kwa sauti, ya pili akasoma kimoyomoyo. Mimi nililia waziwazi, sina ustaarabu huo wa kujizuia. Ikaingia kabla mlango haujafungwa.

Toleo lilipotoka tulikuwa kwa mama, mchana, wote. Mama amekaa mezani kwake, mgongo umenyooka. Akafungua ukurasa, akaandika kwa muda mrefu, hataki mtu amkaribie. Kisha akabonyeza kitufe cha juu pembeni. "Umetoka," kompyuta ikasema. Akaruka. "Chapisha," ikasema. Kidole chake kikakaa pale.

Mume wangu akajisogeza. "Mama, nikusomee kwanza, kama hakuna makosa?"

"Kaa chini," mama akasema. "Hata nikikosea, safari hii nimekosea mimi."

Akabonyeza. Simu ya mume wangu ikalia mfukoni, maana naye ni msomaji wa ukurasa ule. Kupe akamwambia asome kwa sauti, tusikie wote. Akaanza vizuri tu, sauti ya ofisini, mpaka alipofika kwenye lile shati.

"Mwanamume anayemchelewesha mkewe kwenda kujifungua kwa sababu anatafuta shati safi ni mzembe," akasoma. Akakohoa. Akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari, maana mtoto wetu wa kwanza nusura azaliwe mlangoni.

"Endelea," mama akasema. "Kuna sentensi moja ulinifutia."

Akaisoma.

"Namjua mmoja. Nilimzaa mwenyewe."