Kuachisha Ziwa Katika Kituo cha Mabasi

Basi letu lilikuwa liondoke Mbarara saa tatu asubuhi. Saa tatu ilipopita, mwanamke wa tiketi alitoka ofisini, akatutazama sisi abiria tuliokaa juu ya mizigo yetu, akatangaza kwamba basi limeharibikia kwenye milima ya Kabale na fundi ameshaitwa.

"Litafika lini?" nikamuuliza.

"Basi nakuja, mama. Ngojea kidogo tu."

Nimeishi Uganda miaka ya kutosha kujua kwamba hiyo "kidogo tu" haina mwisho. Ningekuwa peke yangu ningelaza kichwa juu ya furushi langu nikasinzia kama wenzangu. Lakini nilikuwa na binti yangu, ambaye hajatimiza miaka miwili, na hiyo ilikuwa siku ya tatu tangu nimnyime ziwa. Kupanda basi jingine pia hakukuwezekana, kwa sababu dada yangu wa Kampala ndiye aliyetulipia kiti, na alilipia katika kampuni hiyo na si nyingine. Tulikuwa tumekwama.

Jambo la ziwa ndilo lililonitoa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ushonaji upande wa Ruharo, hapahapa Mbarara, chuo cha bweni, mwaka mzima. Nilikuwa nimeiomba nafasi hiyo mara mbili nikaikosa, na safari hii jina langu lilitoka. Ila wanafunzi hawaruhusiwi kuja na watoto. Baba wa mtoto alisema yeye ana mashamba, na tena yeye si mwanamke, na huo ndio ukawa mchango wake wote. Akabaki dada yangu.

"Umulete," aliniambia kwa simu. "Lakini akuwe ameisha kuacha kunyonya. Miye ninaamuka mapema kwa kazi, siwezi mutoto wa kulia usiku muzima. Ukimufikisha hapa angali ananyonya, utarudi naye."

Dada yangu akisema utarudi naye, utarudi naye. Na nikirudi naye, chuo ndiyo basi tena.

Kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, kuachisha ziwa kuna utaratibu wake. Mtoto anapelekwa kwa bibi, mama anabaki nyumbani. Mtoto analia huko, mama analia huku, hawaonani. Baada ya wiki kadhaa mtoto amesahau, anarudi akila ugali kama watu wazima. Kwa kweli anayeachisha ziwa ni bibi. Mama anapewa sifa tu. Lakini mama yangu tulimzika kabla hatujakimbia, na mama mkwe amebaki ng'ambo kule. Kwa hiyo nilikuwa najaribu kufanya kazi ya bibi nikiwa na kifua cha mama, na kama kuna upumbavu unaozidi huo, mimi sijauona. Ni kama kumfunga mbuzi katikati ya mahindi halafu umkataze kula.

Jirani yangu mmoja, mwanamke wa Burundi, alinishauri nipake shubiri. Nikapaka. Mtoto alionja, akakunja uso, akalipangusa titi kwa kiganja chake taratibu kabisa, akaendelea kunyonya. Baada ya hapo niliacha ujanja nikaanza kukataa tu, mchana na usiku, na majirani wakaanza kuniuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Basi ndiyo hali tuliyofika nayo Mbarara. Matiti yangu yalikuwa yamejaa, magumu, yanauma mpaka kwapani. Nilikuwa nimeyafunga kwa kitambaa chini ya blauzi na nilikuwa napumua kwa shida. Tangu tulipopita Masha, njiani kutoka kambini, mtoto alikuwa na neno moja tu mdomoni.

"Nyonyo."

"Hakuna. Nyonyo imeisha."

Alikuwa ananitazama kifuani, kisha usoni, kama mtu anayejua anadanganywa lakini hajapata namna ya kuthibitisha. Kisha mkono unaingia kwenye ukosi wa blauzi. Ninautoa. Unaingia tena. Ninautoa.

Nikaamua tuzunguke mjini, labda akiona mambo mapya atasahau. Nikaacha furushi kwa mwanamke wa tiketi, nikamfunga mtoto mgongoni, tukaenda. Huko nyuma angalau hanioni kifua. Tuliona pikipiki, tukaona madirisha ya maduka yenye watu wa plastiki waliovaa suti, tukafika mpaka kwenye ile sanamu kubwa ya ng'ombe mwenye mapembe marefu. Hapo mtoto alifurahi kweli. Akapiga kelele, "Ngo'be! Ngo'be!" na mimi nikavuta pumzi. Kisha akamchunguza kwa makini, akainama upande kutazama tumboni, akauliza: "Ngo'be nyonyo?"

Nilitamani kukaa chini katikati ya barabara nilie.

Huo ni mji wa maziwa. Kila hatua kuna duka la maziwa, maziwa mabichi, maziwa yaliyochemshwa, maziwa yaliyoganda, watu wamekaa na vikombe vikubwa kama kwingine watu wanavyokaa na bia. Nikajiambia, sawa, maziwa si maziwa? Tukaingia katika duka moja, nikaagiza kikombe cha vuguvugu. Mtoto alionja, akayatunza kidogo mdomoni kwa heshima, kisha akayamwaga yote kwenye blauzi yangu. Mwenye duka, bwana mnene mwenye kofia, alichukia kuliko mimi. Alisema kwa Kiswahili chake cha shida kwamba hajapata kuona mtoto anayetema maziwa ya Mbarara, na kwamba watoto wa kambini wanalelewa vibaya. Nikamwambia kambini kuna maziwa pia. Halikuwa jibu la maana, lakini sikuwa na jingine.

Tuliporudi kituoni jua lilikuwa utosini na basi halijafika.

"Nakuja," akasema mwanamke wa tiketi kabla sijafungua mdomo.

Hapo ndipo mtoto alipojitupa chini. Alijinyoosha kwenye sakafu ya ofisi, akapiga visigino, akalia mpaka sauti ikakauka halafu akaendelea kulia bila sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Nilimnyanyua, akajikunja kama upinde. Nilimweka chini, akanishika miguu. Abiria wote wakawa madaktari. Mmoja akasema ana njaa, mwingine ana minyoo, mwingine akasema mfunue kichwa, joto. Na kila mmoja akamalizia kwa lilelile: mpe anyonye.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwanamke mkubwa mwenye bangili mkononi. Alikuwa ameshatutangazia wote kwamba yeye ni mke wa mwanajeshi, anakaa kwenye kambi ya jeshi ya Makenke, na kwamba hasafiri popote. Anangojea gunia lake la viazi linalokuja na basi hilohilo. Alikuwa na sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka upande huu wa uwanja mpaka ule.

"Wewe mama!" akaniita. "Toto nalia hivi na wewe natazama tu? Wewe ni mama gani? Pa yeye maziwa!"

Sijui ni nini kilichonipata. Nilikuwa nimechoka, kifua kinawaka moto, na watu wote wananitazama wakingoja nifunue blauzi.

"Haiko mutoto wangu," nikasema. "Miye ni mama yake mudogo. Mama yake iko Kampala, namupelekea."

Nyuso zote zikalainika palepale. Ungedhani nimewagawia soda. Kumbe ni mama mdogo, maskini! Kumbe anahangaika na mtoto wa dada yake! Mke wa mwanajeshi akainuka.

"Pole, mama. Kumbe wewe nateseka bure. Leta hapa."

Alimchukua mtoto, akamkalisha juu ya mapaja yake makubwa, akamenya bogoya, yaani ndizi tamu ile ndefu, akamkatia kipande. Mtoto akakitema. Akamkatia kingine, akamwimbia kitu fulani cha mchakamchaka, akampa bangili azivute. Mtoto alinitazama mara moja, akasema "Mama," na mimi nikageuza uso. "Toto naita kila mutu hivyo," akasema yule mama kwa uhakika, kama mtu aliyelea watoto wa wenzake wengi. Kipande cha tatu mtoto akakitafuna.

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yangu ilikuwa mitupu. Nilifurahi, nakiri, nilifurahi kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Kisha mtoto akacheka kule mapajani kwa mtu, na kifua changu, ambacho hakikuwa na habari ya uongo nilioutunga, kikafunguka. Niliyasikia maziwa yakija na sikuweza kuyazuia. Kitambaa kikalowa, na baada ya kitambaa, blauzi. Madoa mawili, moja huku na moja huku, yakawa yanapanuka mbele ya abiria wote wa Kampala.

Mke wa mwanajeshi akanitazama. Akatazama madoa. Akanitazama tena.

"Na wewe, mama mudogo," akasema polepole, "maziwa hii ni ya nani?"

Ofisi nzima ilicheka. Hata mwanamke wa tiketi alitoa kichwa dirishani ili asipitwe.

Nililipuka. "Ni yake! Ni miye mama yake!" nikapiga kelele. "Ninamuachisha ziwa juu ya masomo, na dada yangu hamupokei akiwa ananyonya! Kila mutu hapa iko na mudomo. Nani kati yenu atabaki naye nikienda kusoma? Nani?"

Mzee mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wake ambacho nadhani hakikuwamo. Mke wa mwanajeshi hakuona haya wala hakuniomba radhi.

"Sasa wewe nakasirikia mimi?" akasema. "Mimi hapana kataza wewe kusoma. Enda choo, kamua hiyo kitu, itakupa homa. Toto iko hapa, nakula."

Nikaenda. Ndani ya choo cha kituo, mlango haufungiki, nikashikilia mlango kwa mguu na kukamua maziwa ya mwanangu shimoni. Nililia kwa hasira. Niliwakasirikia chuo, dada, baba wa mtoto, fundi wa huko Kabale ambaye hata simjui, na mama yangu pia, kwa kufa mapema. Niliporudi nimeosha uso, mtoto alikuwa anasukasuka bangili na hakuinua kichwa.

Basi lilifika karibu saa kumi na moja jioni. Mke wa mwanajeshi alinikabidhi mtoto haraka haraka kwa sababu gunia lake lilikuwa linashushwa vibaya na alitaka kugombana na mtu. Niliisikia sauti yake mpaka tulipoondoka.

Tulipata kiti cha dirishani. Nilimweka mtoto mapajani, nikajiandaa, maana huu ulikuwa wakati wake hasa, jioni, kabla ya usingizi. Nilingojea neno lake. Tukapita Makenke, tukaliacha jua nyuma yetu, ng'ombe wanarudishwa mazizini, na yeye kimya. Alikuwa anatazama nje, anakula kucha. Nikafikiri labda hajakumbuka. Tukaenda tena. Kimya.

Nikaanza kuumia, na safari hii maumivu hayakuwa ya maziwa. Kampala bado mbali, nikajiambia, dada hatajua, acha nimpe mara moja tu, ya mwisho, tuagane vizuri. Nikafungua kitambaa chini ya leso niliyojifunika, nikamgeuza uso wake.

"Nyonyo," nikamnong'oneza. "Hii hapa. Nyonya."

Alilitazama titi. Akanitazama mimi. Kisha akalisukuma kwa kiganja, bila hasira yoyote, kama mtu aliyeshiba anavyosogeza sahani, akarudi dirishani kwake. Nilijaribu tena. Akasukuma tena.

Simu ikalia. Dada yangu.

"Mumefika wapi? Na mutoto, angali ananyonya?"

"Hapana," nikamwambia. "Amenikataa."

"Ni muzuri," akasema. "Ni muzuri sana." Na siku nzima ile hakuna mtu aliyeniudhi kama yeye.