Milimita Kumi na Saba

Watu huniuliza nilipata wapi uvumilivu wa kupima mvua kila asubuhi saa moja, miaka yote hiyo. Nawajibu kwamba haukuwa uvumilivu, kilikuwa kiburi. Kazi yangu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ilikuwa mbegu za maharage. Mvua ilikuwa starehe yangu ya nyumbani: kipimo cha bati uani kwetu, mtaa wa Saio, na daftari. Nikisafiri, mke wangu alinipimia. Yeye ni muuza vitenge kutoka Butembo, hakosei hata sentimita, na nilimwamini kuliko wasaidizi wangu wote wenye diploma.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu nilialikwa Kampala kulieleza daftari lile mbele ya wataalamu wa hali ya hewa. Sifa yake ilikuwa moja tu: halikuwa na siku hata moja iliyorukwa. Sentensi hiyo niliikariri njia nzima.

Asubuhi ya kuzungumza, nikiwa hotelini nafunga tai, simu ikalia.

"Papa, masasi inalia hapa Saio," mke wangu alisema kwa sauti ya chini. "Siye na bajukuu tuko chini ya kitanda."

Niliisikia milio ya bunduki, mikavu, karibu. Nilisikia pia mvua juu ya mabati. Na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukauliza, "Na mvua, umeshapima?"

Kisha mtandao ukakatika.

Nilipiga tena na tena, hapatikani. Kile kipimo kiko nyuma ya jiko, hatua ishirini kutoka mlangoni, hakuna hata ukuta wa kujikinga. Nilianza kumwandikia ujumbe: usitoke. Nikaufuta. Nilijiambia kwamba hata hivyo hautafika, nikaenda ukumbini. Nilikuwa wa tatu kuzungumza. Wa kwanza alimaliza na sikusikia alichosema. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni.

Wa pili akiwa katikati, simu ikatetemeka. Nilitoka mbio hadi koridoni.

"Dix-sept," alisema. Kumi na saba.

"Asante, Mama." Nilitaka kuuliza juu ya wajukuu, lakini alikuwa ameshakata.

Niliingia, nikasimama mbele yao, nikasema kwamba hakuna siku iliyorukwa, hata ya leo, milimita kumi na saba. Walipiga makofi.

Barabara ilipofunguka nilirudi. Wajukuu walikuwa wazima, wanagombania mpira uani. Mke wangu nilimkuta sebuleni anakunja vitenge. Nilikaa mbele yake, nikamwomba msamaha kwa kumtoa nje katikati ya risasi.

"Nitoke?" alisema. "Juu ya mvua yako? Ile chiffre, ile kumi na saba, niliitosha mu kichwa yangu tu, kusudi uende ku réunion yako. Sikutoka chini ya kitanda."

Nilicheka. Nilifurahi kweli: kazi yangu ya miaka imetiwa doa, nimewadanganya wataalamu ukumbi mzima, na mimi nacheka kama mtu aliyefutiwa hukumu. Nikanyoosha mikono nimkumbatie.

Yeye hakucheka. Alilinganisha pembe za kitenge, akakiweka juu ya vingine.

"Lakini weye ulizani nimetoka," alisema. "Na ulisema asante."