Mto wa Mlangoni

Nianze kwa kukiri kwamba hapa Shanwe, Mpanda, kuna watu wanaingia saluni kwangu si kunyoa, wanainama tu kuchungulia chini ya mlango, wanacheka, wanaondoka, na sina cha kuwafanya kwa sababu kosa ni langu na mashahidi walikuwa wengi. Ila kila anayewasimulia anaongeza chumvi yake, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe, mcheke mkijua mnachokicheka.

Ilikuwa mwezi wa saba, kwenye ule upepo wa kipupwe, na mke wangu Kabula alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Milembe. Nyumba tulihamia kabla haijaisha (na nyie mliomaliza nyumba ndipo mkahamia, nyoosheni mikono), haina dari, kati ya ukuta na bati kuna uwazi ambao paka anapita bila kuinama, na ile sakafu ya saruji ukiikanyaga alfajiri bila ndala unazikumbuka dhambi zako zote. Sisi wakubwa tulishazoea, lakini mtoto mchanga hajui habari za kuzoea.

Mama mkwe akaja kutoka Kasekese kumwangalia mzazi. Hapa lazima niwaeleze kitu: mimi ni Mkonongo, mke wangu Msukuma, na kwao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali, hampeani mikono, hamli sahani moja, hata macho mnayapitisha pembeni. Kwa hiyo yeye na Kabula walilala chumbani na mtoto, mimi nikahamia sebuleni, na tukiwa na neno la kuambiana tunalipitisha kwa Kabula, ingawa sote tunasikia vizuri kabisa. Asubuhi moja nipo nakunywa uji, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Kabula, mwambie mkwe wangu miguu ya mtoto ni ya baridi. Mjomba wako anakuja Jumamosi na gari. Akikuta nyumba bado iko hivi, mimi na wewe na mtoto tutaenda Kasekese mpaka baridi iishe."

Nikaweka uji chini. Mtoto huyo tulimsubiri mpaka watu wakaanza kutushauri dawa, leo nimempata, hata kumshika vizuri sijajua, halafu achukuliwe aende akajifunzie kucheka kwa watu wengine. Nikasema, "Kabula, mwambie mama hakuna anayeondoka. Mpaka Jumamosi chumba kitakuwa na joto." Niliahidi hivyo bila kujua nitalitoa wapi.

Jiko la mkaa nesi alishatukataza kuliweka chumbani, moshi wake unaua watu wakiwa usingizini. Umeme ndiyo njia, nikasema, na umeme si ninaufahamu, mimi kinyozi, nashinda na mashine mkononi. Nikaenda kuazima hita kwa rafiki yangu mmoja aliyewahi kufanya kazi Makete kwenye baridi kali, tukaiwasha jioni, chuma kikawaka rangi ya chungwa, nikalala najisifu. Asubuhi uniti za umeme kwenye luku zimekwisha, hita imezimika, na chumba ni kile kile. Nilikuwa nimeipasha moto Mpanda nzima, pamoja na njiwa wanaolala juu ya bati langu.

Nyuma ya pazia nikasikia, "Kabula, mwambie mkwe wangu anachota maji kwa tenga. Azibe matundu kwanza."

Jamani, yule mama ana akili. Nasema hivi hata kama kesho mtanicheka tena. Alikaa kitandani na mjukuu kifuani akaiendesha nyumba yangu kwa sauti tu, na mimi nikawa naitikia kwa kazi. Viroba vya mbolea nikavifua, nikavishindilia majani makavu, nikavipachika kwenye ule uwazi wa juu (akasema upande mmoja niache nafasi ndogo, watu wanapumua). Mashuka makuukuu tukayaunga, tukayafunga kwa kamba juu ya kitanda, ikawa dari. Ngozi ya ng'ombe aliyokuja nayo ikatandikwa sakafuni. Madirisha tuyafungue jua likiwa kali na tuyafunge kabla halijapoa, maana, alisema, jua halina luku. Hita ikae kwenye saruji tupu mbali na nguo yoyote, iwashwe kidogo kabla ya kulala, chumba kikishika joto izimwe. Na kweli, zile uniti ambazo zilikuwa hazifiki asubuhi zikaanza kukaa.

Ukabaki mlango wa mbele, na chini yake upepo uliingia kama mwenye nyumba. Akaagiza, "Mwambie atafute kitambaa, ashone mto mrefu, aujaze pumba za mpunga, aulaze pale chini."

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza, kitambaa kipi. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, nikakikuta kimenasa kwenye ua wa minyaa, kimepeperushwa na upepo, cheupe, kirefu, kimeshashonwa kabisa kama mfuko, upande mmoja kina lastiki na upande wa pili kina lesi. Nikasema Mungu ni mwema, hii ni foronya ya wenye pesa imetoka kwa jirani, na jirani hajaiulizia. Nikaijaza pumba, huku nikafunga kwa kamba, kule nikapiga sindano, nikaulaza mlangoni. Upepo ukakatika.

(Mama mkwe yeye alikuwa anatumia mlango wa jikoni, na tangu juzi yake alikuwa anatafuta kitu chake kimya kimya. Angemuuliza nani? Mimi?)

Jumamosi mjomba akafika na gari la kukodi, na siku hiyo hiyo akina mama wa kanisani wakaja kumwona mtoto, sebule ikajaa. Mjomba ni mtu wa maneno machache. Aliingia amevaa koti, akakaa, baada ya muda akavua koti. Akina mama wakaanza kusifu, nyumba ina joto, mmefanyaje, na kwetu mje mtufundishe. Ningenyamaza yangeishia pale. Lakini sifa ni tamu, nikasimama kama mwalimu, nikaeleza viroba, nikaeleza hita, halafu nikaenda nyuma ya kiti, nilikousogeza wageni walipoingia, nikaubeba mto wangu kwa mikono miwili.

"Na hili ndilo nililolitengeneza mwenyewe," nikasema. Nikaupigapiga waone ulivyoshiba. Nikampa mjomba. "Shika, mjomba, sikia uzito wake."

Mjomba akaupokea magotini. Akaigusa lesi. Akaivuta lastiki kidogo, ikarudi. Mama mmoja mzee ambaye masikio yamemwisha, kwa hiyo husema kwa sauti, akamuuliza mwenzake, "Lile si gagulo?"

Nikamtazama Kabula. Kabula alikuwa ameziba uso kwa kanga. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na mtoto, alijifunika kichwa akatoka naye nje. Na uzi wangu wa kinyozi nao ukachagua wakati huo kuachia, pumba zikammwagikia mjomba kuanzia magotini mpaka kwenye viatu.

Msiniulize nilikuwa natazama wapi. Nilishika nguo ya ndani ya mama mkwe wangu, nikaishindilia, nikaipigapiga mbele ya kanisa. Mjomba akasimama, akajipangusa taratibu, akasema, "Kabula, funga vitu. Gari liko tayari." Nikaona nimempoteza mtoto kwa sababu ya foronya.

Ndipo ukuta wa jikoni ukasema.

"Kaka, rudi ukae. Nimeshika miguu ya mtoto, ina joto. Gari lirudi peke yake." Halafu, "Kabula, mwambie mkwe wangu hiyo imeshakuwa ya mlango, ibaki mlangoni. Anitafutie nyingine. Ila asichague yeye."

Akina mama walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mjomba alijizuia, akashindwa, pumba zilizobaki zikamdondoka kwenye suruali. Mimi nilitoka nikakaa nyuma karibu na minyaa, na siwafichi, nililia kidogo, kwa aibu na kwa shukrani, sijui ipi ilizidi. Mama mwingine angeondoka na binti yake na angekuwa na haki, yule akaimeza aibu yake ili mjukuu abaki na baba.

Tangu siku hiyo nimeapa, kitu chochote kilichopeperuka, hata kiwe leso, nauliza kwanza, na sifa zikija nanyamaza. Baridi ya mwaka uliofuata ilipoanza, ukaja mzigo kutoka Kasekese. Ndani kulikuwa na mto mrefu wa kitenge kizito, umeshonwa kwa uzi wa uhakika, umejaa pumba, na mwishoni umepambwa kwa kipande cha lesi kama ile ninayoifahamu. Nimeulaza mlangoni. Sijamshikisha mgeni yeyote.